Mlinzi Aliyekosa wa Kumjibu

Swali lilikuja kwa Kiswahili, na hapo hapo Digrii alipaswa kukimbia.

Gemu lenyewe lilikuwa la Wazungu. Wapiganaji wake walitukanana kwa Kiingereza na kufa kwa Kiingereza, na hata tangazo la kwamba umekatwa kichwa liliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi nyekundu zinazochuruzika. Tangu liundwe halijawahi kumsemesha mtu kwa lugha ya mama yake. Kumbe mchana ule, watu wamebanana kwenye mabenchi ya chumba cha kuchezea gemu, feni inasukuma joto kutoka ukuta huu kwenda ule, skrini ya pembeni ikaganda katikati ya pambano na chini yake yakatokea maandishi meupe, madogo, yenye adabu kama ya karani:

*Padi uliyoshika ni ya nani?*

Aliyeishika alikuwa Kidole, bingwa wa mtaa, kijana aliyejua kubonyeza vitufe vya padi kuliko kuongea na watu.

"Dada Digrii! Gemu lako limejifunza Kiswahili. Linauliza padi ni ya nani."

"Liambie ya Mjomba. Bonyeza duara."

"Nabonyeza, linanikodolea macho tu."

Kisha maandishi yakafutika yenyewe, pambano likaendelea, Kidole akamkata mtu mkono, benchi zima likashangilia. Digrii alisikia harufu ya nywele zilizoungua. Akakagua nyaya nyuma ya mashine, hakuona kitu. Akasema ni jua.

Digrii halikuwa jina, ilikuwa kejeli. Alisomea kompyuta chuo kikuu, akafaulu, akavaa joho, ukoo mzima ukapiga naye picha mpaka na watu asiowajua, halafu akarudi nyumbani kutuma maombi ya kazi kama mtu anayerusha mawe kisimani bila kusikia hata *chubwi*. Kila tangazo lilitaka kijana mbichi mwenye uzoefu kuliko umri wake. Serious! Mjomba, kaka wa mama yake, akamwambia, "Njoo ukae na mashine zangu, mwanangu, wakati unangoja." Kungoja kwenyewe kukageuka kazi. Alifungua chumba, akafagia, akafuta padi jasho, akaamua ugomvi, akatengeneza kilichoharibika. Mjomba alikuja jioni kuchukua mapato na kuuliza kwa nini feni inapiga kelele.

Na haki ya mtu isemwe: Mjomba alianza kwa uaminifu. Alinunua magemu orijino. Hilo ndilo lililomponza.

Maana gemu orijino lina mlinzi ndani yake. Hao waliolitengeneza wanaogopa wezi kuliko wanavyowaheshimu wateja, kwa hiyo wanaliwekea kufuli la kompyuta ambalo kila ukiwasha linapiga hodi ng'ambo ya bahari kwenye seva yao kuuliza: huyu bwana kweli amelipa? Mtandao ukiwepo, seva inasema ndiyo, unacheza. Mtandao ukikatika, hata ukiwa katikati ya vita vya mwisho, mlinzi anakutupa nje na jasho lako linapotea. Umenunua nyumba, umelipa nyumba, halafu kila ukitoka kwenda chooni unakuta mtu mlangoni anataka vitambulisho. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chumba kingine kilichotumia kopi za wizi, zilizokwisha kuvunjwa kufuli. Kule hakuna aliyeulizwa lolote. Mwizi alicheza amekunja nne, na mnunuzi halali akasimamishwa kama mshukiwa. Wateja wa Mjomba walirusha padi ukutani, wakamtukania wazazi, wakavuka barabara.

Siku mtandao ulipokatika katikati ya fainali ya mashindano, na mabenchi yakabaki matupu, Mjomba alisimama mbele ya skrini iliyoandika *Imeshindikana kuthibitisha umiliki wako*. Mshipa ukamtutumka shingoni.

"Mimi! Kwenye chumba changu! Nithibitishe!" Akamgeukia Digrii. "Vunja hili dude."

"Mjomba, siwezi kulivunja mimi. Wapo wanaovunja, naweza kulitafuta lililovunjwa tayari."

"Basi litafute. Shahada si ya kufungia maandazi."

Akalipata kwenye mtandao, akaliweka. Ndani yake mlikuwa na faili moja dogo lisilo na jina la maana, na kinga ya virusi ikalipigia ukelele: *Hatari! Hatari!* Sasa Digrii chuoni alifundishwa usalama. Mtu asiyesoma angepuuza ukelele ule akaendelea na maisha yake. Digrii, aliyesoma, alilifuta faili lile papo hapo, kama mtu anavyomkanyaga nge. Gemu likafunguka bila intaneti na bila swali. Akajipongeza.

Juma hilohilo simu iliita. Kampuni moja katika mji wa mbali ilikuwa imesoma maombi yake, ikamfanyia usaili kwa video, ikamwambia: unaanza Jumatatu. Digrii alilia chooni ili wateja wasimwone. Alipomweleza Mjomba, Mjomba alitabasamu kwa meno tu.

"Hongera, mama. Hongera sana." Akatazama mashine, moja baada ya nyingine. "Na hizi nani atakaa nazo?"

"Utapata mtu, Mjomba."

"Mtu nitampata. Wewe nitakupata wapi?"

Basi tumrudie Kidole kwenye benchi lake. Swali la pili lilimkuta bado anajisifu.

*Mkono ulioshika padi ni wa nani?*

Akalisoma kwa sauti, akawatazama wenzake, akajibu, "Wa shangazi yako!"

Walicheka wote. Digrii naye alicheka. Padi ikatetemeka mkononi mwa Kidole, kama inavyotetemeka ukipigwa panga kwenye gemu, ila haikuacha. Kidole akajaribu kuiweka chini, na vidole vyake havikufunguka. Vilizidi kukaza, plastiki ikalia *ka*, ikapasuka, vipande vikamzama kiganjani, na damu ikaanza kudondoka kwenye suruali yake.

"Oya, niachieni. Nani kaniwekea gundi? Siyo utani huo."

Hakuna aliyekuwa amemgusa.

Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka. Uliinuka taratibu, kama mkono wa mtu anayetaka kuuliza swali darasani, ukaenda kukishika kidole gumba cha kulia, ukakirudisha nyuma, na kila mtu chumbani akasikia kilivyovunjika, na kabla ukelele haujamtoka vizuri ukashika kinachofuata, ukakivunja, ukaenda kwenye kile kingine, bila hasira na bila haraka, kama mtu anayemenya karanga, huku Kidole akipiga mayowe, "Wangu! Mkono ni wangu! Wallahi ni wangu!" na wenzake wakiparamiana kwenye pazia la mlango kutoka nje.

Digrii alirukia swichi kubwa akazima umeme wote. Skrini zikafa, feni ikasimama, lakini mtetemo haukukoma. Padi zilikuwa zinatetemeka rafuni, zote kwa pamoja, hata zile mbovu zilizotolewa betri na zile zilizobaki maganda, zikigonga ubao *trrrr, trrrr*, na ule mgongano ukawa kama koo linalosafishwa, kisha ukawa maneno.

"Mkono umekosa mwenyewe," mtetemo ulisema. "Umetwaliwa."

Kidole akaanguka kifudifudi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pembeni yake kama glavu iliyotolewa mtu ndani.

Wenzake walirudi kwa kumhurumia, wakamkokota, wakampakia kwenye gari la kwanza lililokubali kusimama, wakampeleka hospitali. Mjomba aliitwa akaja anahema. Alipoona damu chini ya benchi, jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa, "Majirani wameona?"

"Mjomba, mtu amejivunja vidole mwenyewe."

"Umeme. Shoti hiyo. Shoti inakaza misuli, hukusoma?"

"Nilisoma. Shoti haiongei."

"Lete dekio."

Wakapiga deki mlango umefungwa, jua likipenya pembeni ya pazia kwa mstari mwembamba. Maji ya ndoo yaligeuka pinki. Digrii akasikia tena ile harufu, nywele na shaba ya moto, safari hii karibu sana, kama pumzi ya mtu aliyemwinamia begani. Hakugeuka.

"Mjomba," alinong'ona, "tutoke."

"Tutoke twende wapi? Hiki ndicho nilicho nacho."

*Trrrr*, rafuni.

"Mguu wa kulia wa huyu bwana ni wa nani?"

Mjomba akasimama wima. Uso ukamwisha rangi. Alikuwa mtu mbishi, na ubishi ndio uliomjibia: "Ni wangu, mshenzi wewe! Mguu wangu, chumba changu, na wewe utoke!"

Mguu wake wa kulia ukarudi nyuma, ukaupiga teke ukuta wa saruji. Akapiga yowe, mguu ukarudi tena ukapiga, kiatu kikachanika, ukapiga, kidole kikubwa kikalala upande, ukapiga na kupiga huku Mjomba akijishika kwenye meza ya mashine na meza ikiburuzika naye, na doa jekundu likipanda ukutani kila pigo, na Digrii akalikumbatia lile paja kwa mikono miwili akatupwa kama mtoto aliyening'inia kwenye bembea, akalirudia, akatupwa, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kutupa alitupa maneno, alipayuka tu kama mtu anayemtetea ndugu yake kituo cha polisi:

"Ni wake! Mguu ni wake, namjua, ni wa Mjomba wangu, ni wake mwenyewe!"

Mguu ukaanguka. Mtetemo ukakoma.

Walibaki sakafuni wanahema. Mfupa ulichungulia juu ya kifundo cha Mjomba, mweupe, kama kitu kisichohusika na yeye.

"Umemwambia nini?" Mjomba aliuliza kwa sauti ndogo mno.

"Nimekushuhudia." Digrii aliliachia lile paja. "Kidole alisema *wangu*, nawe umesema *wangu*. Hataki la mwenyewe. Anataka jibu la mtu mwingine, kama seva."

Akatoka kutafuta mganga. Na hapa msomaji amtazame vizuri, maana begi lake lilikuwa limefungwa nyumbani, na mabasi ya mji wa mbali yalikuwa yanaita abiria. Angeweza kupanda moja akaanza maisha. Mtu mwenye akili angepanda. Digrii alipita kituo kile mbio, akaenda mtaa wa pili kwa mganga aliyeitwa Mama Kimya, jina alilopewa kwa kejeli kwa kuwa tangu azaliwe hajanyamaza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Bado."

"Basi tuwahi. Unatembea kama bibi harusi, kaza mguu! Gemu? Gemu la nini tena? Mimi nimetoa majini visimani, kwenye masanduku, kwenye matumbo ya wake wenza. Sasa mnawaweka na kwenye televisheni."

Alipovuka pazia akanyamaza. Hilo lilimwogopesha Digrii kuliko damu.

Mama Kimya akaweka chetezo katikati ya chumba, akatia ubani, akaketi chini na miguu ameinyoosha. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, mguu umefungwa kwa shati, jasho linamtiririka. Moshi haukupanda juu. Ulikwenda moja kwa moja rafuni, ukaingia kwenye matundu ya padi, moja baada ya nyingine, kama unavutwa.

"Wewe nani?" mganga aliuliza.

*Trrrr.*

"Mlinzi."

"Nani kakuweka?"

"Walionifunga mlangoni. Nikaambiwa: uliza. Kila anayeingia, muulize. Nikauliza miaka. Mvunjaji akaja, hakuniua. Mvunjaji aliniwekea mjumbe mdogo ndani ya nyumba, nikiuliza ni ya nani, mjumbe ananijibu, ni yake. Nikatulia. Nikalala. Mkaniulia mjumbe wangu."

Mama Kimya akamgeukia Digrii taratibu. "Mmeua nini, mwanangu?"

Digrii alikumbuka. Aliliona lile faili dogo lisilo na jina, na ukelele, na kidole chake mwenyewe kikilifuta. Halikuwa virusi. Lilikuwa ni lile *ndiyo*, ndiyo la uongo lililowekwa kwenye mashine ili mlinzi aliyebaki hai humo asihangaike kwenda nje kutafuta jibu.

"Nililifuta mimi," alisema. "Nilidhani ni baya."

"Basi anauliza na hakuna wa kumjibu. Ametoka kumtafuta mwenye jibu." Mganga akashusha sauti. "Nisikilizeni, maana sitarudia. Huyu hafukuzwi. Mlinzi akifukuzwa huzidi kubisha hodi. Huyu hujibiwa. Atatuuliza mmoja mmoja habari za mwenzake, maana mtu hajishuhudii. Jibu ni moja: *ni wake mwenyewe*. Akisikia hivyo kwa kila mtu aliyemo humu, hana tena cha kulinda, atakwenda zake. Msiongeze wala kupunguza."

"Na tukimwambia mtu ni wa mwingine?" Digrii aliuliza.

"Ataamini. Atamwacha huyo mwingine awe mwenyewe, na mwili utamtii mwenyewe. Kisha atakuwa anarudi kila siku kwake kumuuliza, bado ni wako? Maana mwenye mali huweza kuuza, huweza kuchoka."

"Na siku mwenyewe asipojibu?"

Mama Kimya aligeuza kichwa. Alilitazama lile benchi la Kidole.

Moshi ukazidi. Chumba kikawa kama ndani ya mdomo wa mtu, joto na unyevu na pumzi, na padi zikaanza kugonga kwa nguvu mpaka ubao wa rafu ukapasuka katikati na zikamwagika sakafuni, zikawa zinasogea, zinatambaa kwa mtetemo wake, nyaya zikiburuzika nyuma kama mikia, zikawazunguka wote watatu, na waya mmoja ukapanda taratibu kwenye shingo ya mganga, ukajifunga, ukakaza.

"Kizee hiki cha kike ni cha nani?" mtetemo ulimwuliza Digrii.

"Ni wake mwenyewe!"

Waya ukalegea. Mama Kimya akakohoa, akatema, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kizee mama yako."

Waya mwingine ulimfunga Mjomba kifuani, ukakaza mpaka ubavu mmoja ukalia.

"Mwanamume huyu ni wa nani?"

"Ni wake mwenyewe," Digrii alisema upesi, bila hata kuvuta pumzi, na Mjomba akaachiwa akabwagika ukutani, akilia kama mtoto.

Ikabaki zamu yake. Nyaya zikampanda miguuni, kiunoni, mikononi, na mmoja ukampitia mdomoni kama hatamu, na alipojaribu kumtazama mganga ili mganga ndiye amshuhudie, mtetemo ukasema, "Simuulizi mgeni. Namuuliza mwenye chumba. Msichana huyu ni wa nani?"

Digrii akamtazama Mjomba kwa macho, kwa kuwa mdomo haukuwa wake tena. Akamtazama kwa miaka yote aliyomfagilia chumba, kwa mguu aliomshuhudia, kwa basi aliloliacha liondoke. Mjomba akautazama mguu wake uliosagika. Akatazama mashine zake, mabenchi, feni iliyosimama. Digrii aliona hesabu ikipita usoni mwake, polepole, safi kabisa, kama mtu anayepima kitambaa, na akaelewa kabla hajasema, akaanza kupiga kelele nyuma ya waya, kelele isiyo na maneno.

"Sema, mwanamume!" mganga alifoka. "Ni wake mwenyewe! Sema!"

"Ni wangu," Mjomba alisema.

Nyaya zikadondoka. Moshi ukatafuta tundu la dirisha ukatoka, na ile harufu ikaenda nao, na padi zikalala sakafuni, plastiki tu.

"Nisamehe, mwanangu," Mjomba alisema, macho chini. "Mguu ndio huu. Nani atakaa na mashine?"

Mama Kimya aliinuka akamzaba kibao kilichomgongesha kichwa ukutani. Kisha akaokota chetezo chake.

"Mwite, Mama," Digrii alimshika nguo. "Mwite umwambie jibu si hilo."

"Jibu hutolewa na aliyeulizwa, binti yangu. Mimi sikuulizwa." Akatoka bila kudai ujira, na mtaa mzima ulishangaa kumwona anapita bila kusema neno na mtu.

Jumatatu asubuhi Digrii alijaribu. Alifika kituoni na begi, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Nyumbani, kitandani, Mjomba alikuwa ameamka akaita tu, kwa sauti ya kawaida, "Digrii, nenda ukafungue chumba." Digrii hakumsikia; ilikuwa mbali mno. Mguu wake ulisikia. Ulishuka ngazi. Akajishika kwenye bomba la mlango wa basi kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukakunja ngumi ukampiga mdomoni, mbele ya abiria na kondakta, ukampiga mpaka jino likatoka na kiganja kikaachia bomba chenyewe.

"Dada, kwani una nini?" kondakta aliuliza akirudi nyuma.

Miguu ilikuwa imeshageuka. Ilimpeleka mwendo wa kawaida kabisa, wa mtu anayewahi kazini, damu ikimtiririka kidevuni, mpaka mlangoni pa chumba, na mikono ikatafuta funguo. Kazi ile ya mji wa mbali walimpa mwingine kabla juma halijaisha.

Wateja walirudi. Gemu halikuganda tena na halikumuuliza mtu chochote, na ng'ambo ya barabara walianza kuwaonea wivu. Digrii alifuta padi, akaamua ugomvi. Kila asubuhi, kabla hajafungua, padi moja iliyowekwa karibu na kitanda cha Mjomba ilitetemeka kidogo: *bado ni wako?* Na Mjomba alijibu, "Bado," kama mtu anayeitika jina darasani, akageukia ukuta.

Ila ule mguu haukupona. Mjomba aliona aibu kwenda hospitali kueleza alivyoupata, akautia dawa za kununua dukani. Ukavimba, ukapata weusi, ukaanza kunuka. Homa ikampanda. Digrii aliita daktari kwa hiari yake, na daktari akasema amechelewa, dawa zitajaribu. Kisha taya likaanza kumkaza. Aliongea kwa kuburuza, kisha kwa kunong'ona, kisha kwa macho.

Asubuhi moja Digrii alikuwa ameketi kitandani kwa Mjomba, kichwa cha Mjomba kimelala mapajani pake, anampitishia maji kwa kijiko kati ya meno yaliyofungana. Zamani alikuwa akiomba Mjomba afe. Sasa aliamka usiku kumsikiliza kama anapumua. Alimkanda mataya kwa maji moto, akamfunika, akamwombea kwa Mungu kwa machozi ya kweli, kuliko mama anavyomwombea mtoto.

Pembeni ya mto, padi ikatetemeka.

*Bado ni wako?*

Midomo ya Mjomba ikachezacheza. Haikutoka hata pumzi.

*Trrrr. Bado ni wako?*

Mkono wa kushoto wa Digrii uliacha kijiko. Uliinuka taratibu, peke yake, ukaenda kukishika kidole gumba cha kulia.

"Sema, Mjomba," alinong'ona, akimbusu kipaji cha uso kilichowaka moto. "Nakuomba, Mjomba wangu, jikaze. Sema mimi ni wako."